Tupeane uzoefu: siku zako za kwanza kama nesi wa thieta

Nesi Mpya
Habari zenu ndugu zangu. Jumatatu naripoti thieta, chumba cha upasuaji. Leseni ya Baraza la Uuguzi ninayo, na mwaka mzima nimekaa wodi ya wazazi. Thieta niliijua wiki mbili tu za mafunzo, tena nikiwa nimesimama ukutani nisiguse kitu. Dada na kaka mliotangulia, mlijiandaaje? Naogopa dokta ataninyooshea mkono na nisijue anataka nini.

Sista wa Seti
Hongera mdogo wangu. Vitabu viweke kando kwanza, nenda chumba wanakofungia seti za vifaa kabla hazijaingia otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Inchaji wangu, yaani msimamizi, alinipa seti ya sizari, upasuaji wa kuzalisha, niifunge kila jioni, wiki nzima. Nilikuwa nashika kifaa kimoja kimoja nakitaja jina kwa sauti. Ilipofika Ijumaa, nikifumba macho naitambua fosepsi, ile koleo ya kushikia, kwa uzito wake. Bledi, yaani wembe wa kisu, namba 22 inakaa kwenye mpini namba 4. Zile za 10, 11 na 15 ni za mpini namba 3. Hilo lijue kabla ya Jumatatu. Na kisu usimpe dokta mkononi, weka kwenye kile kibakuli chenye umbo la figo achukue mwenyewe.

Mama Pacha
Kunywa chai nzito asubuhi, tafadhali. Mimi sikula kwa woga. Joto, barakoa, harufu ya dayathemi, kile kifaa cha umeme, ikichoma nyama, macho yakaingia giza. Nikasema, "Sista, naanguka," nikarudi nyuma nikakaa chini. Ukiona dalili sema mapema, usije ukaangukia meza ya vifaa.

Zamu ya Usiku
Mimi nakuombea ujifunze kuhesabu, na kusema.

Nilikuwa na miezi mitatu thieta. Sizari ya dharura, saa tisa usiku. Tulianza na gozi 10, vile vitambaa vya kufyonza damu, tukaongeza 5, ranna, yule nesi wa kutuletea vitu, akaandika ubaoni. Kabla tumbo halijafungwa tukahesabu: 14. Tukarudia: 14. Dokta alikuwa na kesi ya nne usiku ule, akasema tumekosea kuhesabu, akaomba uzi. Mle ndani mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Sauti ilitoka nyembamba: "Dokta, gozi moja haipo. Naomba usifunge."

Ranna akamwaga ndoo sakafuni, akazipanga tano tano. Akapekua mashuka, akaangalia chini ya meza. Hakuna. Dokta akaingiza mkono tena, akaitoa pembeni ya mji wa mimba upande wa kushoto, imelowa hadi imekuwa rangi moja na nyama. Hakusema neno mpaka ngozi ilipofungwa. Kisha akasema, "Asante, sista." Mama yule aliondoka na mtoto wake siku ya nne, nikawasindikiza mpaka getini.

Ndiyo maana ile karatasi ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya kuhakiki usalama wa upasuaji, ya mwaka 2008, yenye vipengele 19, naumia nikiona watu wanaiwekea vema baada ya kazi kwisha. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na moja ilikuwa Ifakara, hapa hapa kwetu Tanzania. Matokeo yalitoka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isome kwa sauti, watu wasimame wasikilize.

Mwenzenu wa Mombasa
Hesabuni watu wawili, kwa sauti, nyote mkitazama gozi ile ile. Ranna asikuhesabie akiwa mbali. Na ujue saizi ya glavu zako mapema, mimi ni 6.5. Ukishanawa, mikono iwe juu ya viwiko, maji yatiririke kuelekea kiwiko yasirudi vidoleni.

Nesi Mpya
Asanteni sana. Dada Zamu ya Usiku, na kama ranna anasema imetimia ila mimi sina uhakika?

Zamu ya Usiku
Mwambie, "Tuanze upya." Haichukui hata dakika mbili. Atakununia, mwache anune.

Nesi Mpya
Nimerudi, leo Jumatano. Siku mbili nimekuwa ranna, sizari tatu na ngiri moja. Ya pili jana niliomba turudie hesabu, na ilikuwa sawa tangu mwanzo. Hakuna aliyenifokea. Seti ya sizari nimeifunga mwenyewe jioni hii, inchaji akaifungua kuikagua, akaifunga tena bila kuongeza kitu. Kesho nanawa, nasimama mezani na dokta.