Mrejesho: Chakula kwa majirani hapa Ujiji

Wakuu, mtakumbuka niliuliza tuwasaidieje majirani zetu, mama lishe na wachuuzi waliokosa wateja tangu corona iingie na shule kufungwa Machi 2020: tuwape pesa au chakula? Wengi mlisema chakula.

Basi tumepitia kikoba cha kina mama, maana wao ndio wanajua jiko la nani halijawaka. Kila kaya imepata unga wa muhogo, maharage, mawese na dagaa wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Dagaa ndio mkombozi: wakikauka vizuri hawahitaji friji, na ukiwasaga unamwekea mtoto kwenye uji. Tulinunua kipindi cha giza, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti, wavuvi hawapati kitu na bei inapaa.

Mafungu yanapelekwa jioni hadi mlangoni, hakuna foleni wala picha. Bibi mmoja aligoma kabisa kupokea "sadaka". Akakubali alipoambiwa atalipa kwa kuchambua dagaa wa wenzake. Namwelewa sana.

Kilichobaki ni kodi za vyumba. Mwenye nyumba mmoja amekubali kusubiri, wengine bado tunawabembeleza.