Randa ya babu (Stanley nambari 5) imevunjika uma wa ndani. Spea nitatoa wapi?

Seremala_Kondele:
Mafundi, hamjambo? Nina karakana ndogo hapa Kondele, Kisumu. Randa ninayoitegemea ilikuwa ya babu, ikaja kwa baba, sasa ni yangu. Ni Stanley nambari 5, ile ya inchi 14, iliyotengenezwa Uingereza. Juzi kijana ninayemfundisha kazi alikuwa anapiga randa mbao za mvule. Akaona kisu hakishuki, akachukua koleo akaizungusha kwa nguvu ile nati ya shaba inayoshusha na kupandisha kisu. Ikalia ka! Kufungua, nakuta kile kiuma chenye mikono miwili inayoikumbatia nati kimebaki na mkono mmoja.

Madukani wananionyesha randa mpya tu. Fundi mmoja wa kuchomelea anasema ni kazi ya dakika tano, lakini moyo unasita. Mnanishauri nini?

Chuma_Nakuru:
Usimpe! Kwenye randa za zamani kiuma hicho ni kasti, yaani chuma cha kumimina. Ukikipiga rodi ya kawaida ya kuchomelea, pale palipopata moto panakuwa pagumu na kitakatika tena hapo kando. Kasti huunganishwa kwa gesi na rodi ya shaba, unaipasha moto taratibu, halafu unaifukia kwenye majivu makavu ipoe polepole. Inawezekana, ila kipande chenyewe ni chembamba na mkono ukikaa upande kidogo tu hauingii kwenye mfereji wa nati. Mimi ningeiacha hiyo iwe njia ya mwisho.

Mama_Samani:
Pole, ndugu yangu. Kazi isisimame lakini. Mkono mmoja bado unaweza kusukuma kisu, ila unakwenda kwa kusitasita. Ukikataa kabisa, legeza kidogo kibano, kile kipande cha juu kinachokandamiza kisu, ugonge kisu kwa nyundo ndogo, kama wazee walivyofanya na randa za mbao.

Kuhusu spea, usitafute kiuma. Tafuta randa nzima iliyokufa, na si lazima iwe nambari 5. Nambari 4 ina kisu cha upana uleule wa inchi 2, na kile kitako kinachobeba kisu ni kilekile. Nambari 4 iliyopasuka tumbo, ule upande wa chini unaoteleza juu ya mbao, haina kazi kwa mtu mwingine, lakini kwako ni hazina. Pita soko la Kibuye Jumapili, kwa wale wanaotandaza vyuma chini. Hata randa ya kampuni ya Record, nambari 04, itazame. Ni za kutoka Sheffield na vipande vyake vingi huingiliana na vya Stanley. Nenda na kitako chako mfukoni upime palepale.

Meno_kwa_Inchi:
Naongezea, maana hapa ndipo randa nyingi huharibiwa. Nyuzi za Stanley si za milimita. Msumari ambao nati ya shaba huzunguka juu yake una unene wa 9/32 ya inchi, meno 24 kwa inchi, na nyuzi zake ni za kushoto, yaani hufungwa kinyume na nati za kawaida. Fundi wa leiti, mashine ya kuchonga chuma, atakwambia M7, saizi ya milimita 7, inakaribia. Kweli inakaribia, lakini ukiilazimisha unakula meno, na hapo utakuwa na matatizo mawili. Asikutobolee mtu nyuzi mpya kwenye kitako hicho.

Seremala_Kondele:
Asanteni. Kumbe za kushoto! Sasa kiuma kinatokaje?

Chuma_Nakuru:
Kuna pini inayopita kwenye kitako. Iloweshe dizeli usiku kucha, uegemeze kitako kwenye mbao, uitoe kwa panchi nyembamba. Gonga pole pole, kitako chenyewe ni kasti pia.

Mzee_wa_Mvule:
Kijana, wote wamesema spea, hakuna aliyeuliza kwa nini kisu hakikushuka. Skrubu ya kibano imekazwa mno. Ikikazwa hivyo kisu hakitembei, na anayelazimisha nati anavunja uma. Legeza mpaka kibano kifungike kwa dole gumba, na nati izunguke kwa vidole. Wakati umefungua, futa ule utomvu na maranda yaliyogandamana chini ya kisu. Na huyo kijana wako umnyang'anye koleo.

Seremala_Kondele:
Nimerudi, wakuu. Kibuye nimepata nambari 4, tumbo lina ufa kutoka mdomoni hadi ubavuni, kutu tele, lakini kiuma kizima. Muuzaji alianza na bei ya randa nzima, nikamwonyesha ule ufa, tukaelewana. Sikuhangaika na pini. Nimehamisha kitako chote, kikakaa bila kusuguliwa. Mzee, skrubu nimelegeza robo mzunguko tu, na nati sasa inakwenda kwa kidole kimoja.

Mama_Samani:
Hongera. Kitako cha babu usikitupe, kiweke na nati yake.

Meno_kwa_Inchi:
Na kisu cha hiyo nambari 4, unauza?