Matabibu wa meno wenzangu: shingo haigeuki, vidole vinakufa ganzi. Nifanyeje?

Mkanyaga_Pedali (Chake Chake)
Assalaam alaykum. Mie tabibu wa meno hapa Pemba. Shingo imenikaza upande wa kulia, hata nikitoa salamu kwenye sala, kugeuka ni kwa taabu. Kiuno nacho kinauma kila nikinyanyuka kitini. Kinachonitia khofu zaidi ni mkono: usiku naamka dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vimekufa ganzi, mpaka niukungute. Siku za kukwangua ukoga ndo balaa. Kiti cha wagonjwa kimekwama, hakipandi wala hakishuki, ila mgongo wake unalala. Dawa za maumivu nimemeza hadi tumbo linalalamika. Mnafanyaje wenzangu?

BintiWaWete
Wa alaykum salaam, pole dokta. Changanya mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na ya nazi, uchuliwe kisha ulale. Mama msimu wa karafuu dawa yake ndo hiyo.

Koleo
Kuchua kunatuliza, lakini kesho atainama vilevile. Dokta, bila shaka mgonjwa unamkalisha, halafu meno ya juu unayachungulia kwa kupinda shingo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na ukikiinamisha ni misuli ya nyuma ya shingo inayokizuia. Mikono nayo iko hewani haina pa kuegemea. Misuli iliyojikaza muda wote haipati damu ya kutosha, ndo maana inauma ingawa hujabeba kitu.
Meno ya juu mlaze chali kabisa, kidevu kitazame dari, nawe kaa nyuma ya kichwa chake utumie kioo. Ya chini, nyanyua mgongo wa kiti kidogo, ashushe kidevu. Mgeuze yeye kichwa, usijipinde wewe.

Mkanyaga_Pedali
Shekhe, kumlaza chali bi mkubwa na baibui lake si mchezo! Wananambia "mwanangu, unanizamisha."

Koleo
Mwambie kabla hujagusa kiti, umshushe taratibu, na shuka ya kumfunika miguu iwepo. Wengi hukubali. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu asiyeweza kulala, mtibu ukiwa umesimama, fanya kazi fupi. Mjamzito wa miezi ya mwisho mwegemeze ubavu wa kushoto.

MkandaViungo (Unguja)
Mie nafanya fiziotherapia. Mnazungumza shingo, mie nautazama mkono. Gumba, shahada na cha kati, tena usiku: hiyo inaelekea kuwa ni neva inayobanwa hapo kwenye kifundo cha mkono. Lau kingekuwa kidole cha mwisho ningekuuliza kuhusu kiwiko. Ila shingo nayo inaweza kuleta ganzi kama hiyo, kwa hiyo upimwe vyote viwili, usijitibu kwa maelezo ya humu.
Kwa sasa lala na kifaa cha kushikilia kifundo kikae sawa, kisipinde. Dawa za maumivu kila siku ziache, zinachubua tumbo. Na vyuma vyako vya kukwangulia unavinoa? Butu hukulazimisha kubana kwa nguvu.

Mkanyaga_Pedali
Kunoa... tunanoa vikikataa kabisa.

Koleo
Hapo ndipo pa kuanzia basi, haina gharama. Ukiagiza vipya, chukua vya mpini mnene, kama milimita 10, na vyepesi. Wagonjwa wa ukoga usiwapange mfululizo, wachanganye na wa kuziba meno. Kiti cha mgonjwa kikikwama juu, simama. Kiti chako usikipandishe mpaka miguu ining'inie.

BintiWaWete
Na ile miwani ya kukuzia wanayovaa madaktari?

Koleo
Nzuri ikikaa kwa kipimo chako. Isiyo na pembe ya kutosha ya kutazama chini itakuinamisha zaidi, na pesa imekwenda.

MkandaViungo (Unguja)
Dokta, vitu vinakudondoka? Nyama ya chini ya gumba imepungua ukilinganisha na mkono wa pili?

Mkanyaga_Pedali
Nyama ipo. Ila kioo kimenidondoka juzi na jana.

MkandaViungo (Unguja)
Basi nenda kapimwe wiki hii, kiti kitangoja.