Naomba ushauri: nimepata kaseti ya Stadium Events, niiuzeje?

Habari zenu wakuu. Naishi Ohio, Marekani. Jumamosi iliyopita jirani yangu mzee alikuwa anauza vitu vyake vya zamani mbele ya nyumba, nikanunua boksi la kaseti za gemu za NES, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo, kwa dola 40. Nyingi ni za kawaida, ila moja ni Stadium Events ya kampuni ya Bandai, ya mwaka 1987.

Wanaoijua wataelewa kwa nini usingizi umenipaa. Gemu hii ilichezwa kwa kukimbia juu ya mkeka wa kielektroniki uliounganishwa na mashine. Baadaye Nintendo wakauchukua mkeka ule, wakauita Power Pad, na gemu yenyewe ikarudi sokoni kwa jina la World Class Track Meet. Kaseti chache zilizotangulia kuuzwa Marekani ndizo wakusanyaji wanazozilipia maelfu ya dola. Toleo la Ulaya halifikii bei hiyo hata kidogo.

Hofu yangu ni feki. Nimeagiza bisibisi maalumu ya milimita 3.8 niangalie kama bodi ya ndani ina jina la Nintendo. Je, kuifungua kutashusha thamani? Niitume kwanza kwa wakaguzi wa gemu za zamani waithibitishe, au niipeleke moja kwa moja mnadani? Haina boksi wala kitabu, na lebo imechubuka pembeni.

Kingine kinanikaa moyoni: yule mzee hakujua anauza nini. Ikithibitika ni orijino, nimgawie kiasi gani? Mke wangu anasema nusu.