Mliosema "nunua lenzi ya praimu, zumu ni za watalii", jitokezeni hapa

Wakuu, salamu baadaye, leo nimevurugwa. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "kamera gani nzuri", hii ni kesi nyingine.

Mwezi wa tatu niliuliza hapa hapa: nina kamera ya Canon 80D, napenda kupiga picha za ndege, nichukue lenzi gani? Nilikuja na jibu langu kabisa, zumu ya 100-400, yaani lenzi unayoivuta kutoka milimita 100 hadi 400, ndege akawa mdogo au mkubwa upendavyo. Mkanishukia kama mwewe. "Zumu ni za watalii." "Anayejua kazi anatumia praimu," yaani lenzi ya kipimo kimoja tu, haivutwi. Mmoja akaandika kwa majivuno, "zumu ni miguu yako mkuu, sogea", mkamgongea laiki kibao. Nikanywea. Nikaenda Kariakoo, muuzaji naye akaimba wimbo uleule. Nikaacha milioni moja na laki nane kwa praimu ya 400 f/5.6 iliyotumika (hiyo f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), nikapewa risiti ya mkono, chini imegongwa muhuri mwekundu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Jumamosi iliyopita nikaingia nayo Manyara. Sasa yule bwana wa miguu anijibu: nisogee wapi? Hifadhini hushuki garini ila sehemu zilizotengwa. Miguu yangu ilikuwa imekunjwa nyuma ya kiti cha dereva! Hondohondo katua kwenye tawi karibu na dirisha, wale wakubwa wenye mdomo kama wa kubandika. Nainua lenzi, kilichoingia ni jicho na nusu mdomo. Jamaa wa pembeni yangu karudisha zumu yake mpaka 150, kapiga, ndege mzima na tawi lake. Mimi nambembeleza dereva, kaka rudi nyuma kidogo. Gari likanguruma, ndege huyoo.

Mahali pa kulia chakula ndipo nilipochoka kabisa. Chozi dume, anametameta kama mafuta juu ya maji, anafyonza ua mita mbili kutoka nilipokaa. Lenzi ikawa inakwenda na kurudi, vruu, vruu, haishiki fokasi, ndege ni ukungu tu. Nikajua tayari, nimeuziwa mbovu. Kumbe ndivyo ilivyoundwa: kitu kikiwa karibu kuliko mita 3.5 haikishiki. Ile 100-400 toleo la pili inashika hadi sentimita 98. Basi nikawa narudi kinyumenyume, kamera mkono huu, sahani ya wali mkono ule, nikamkanyaga mama wa watu. Kufika umbali wenyewe, chozi keshaondoka, nimebaki naomba radhi.

Linaloniuma zaidi ni lile la mwanga. "Praimu inaingiza mwanga zaidi." Ipi? Ya 400 f/2.8, sawa, inaingiza mara nne ya f/5.6, ila bei yake unapata gari. Hii ya kwetu makabwela ni f/5.6, na ile zumu ukiivuta mpaka 400 ni f/5.6 hiyo hiyo! Mlinipiga changa la macho mchana kweupe. Tena zumu ina kizuia mtikisiko, yangu ni ya muundo wa 1993, hicho kitu haina. Sensa ya 80D, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo, inabana picha kama nimeshika lenzi ya 640, na mtikisiko nao unakuzwa hivyo hivyo, kwa hiyo shata ikiwa ya taratibu kuliko 1/640 ya sekunde mkono tu unaharibu picha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya ile miti mikubwa, hapo unapandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 6400, na chenga zake mnazijua. Nilijaza mchele kwenye foronya nikaiegemeza lenzi dirishani, ikasaidia kiasi, mpaka dereva alipowasha gari. Usiku nimefuta picha zaidi ya 300.

Na nyie wa "ikiwa fupi weka telekonveta ya 1.4", kile kipande cha kati ya lenzi na kamera kinachokuza picha, hiyo inakula nusu ya mwanga, unabaki na f/8. Nipigie ndege gani na f/8 msituni, wa kwenye bango?

Lenzi yenyewe haina kosa, nisiisingizie. Jua likishapanda, mwari anashuka ziwani, ni tamu. Kilo moja na robo tu, unamfuata hewani bila mkono kufa ganzi. Nikon 200-500 ya mwenzangu ni kilo 2.3, alikuwa anapumzika kila dakika. Nina picha moja ya mwari anagusa maji, manyoya unayahesabu. Anayepiga ndege warukao mchana kweupe, ainunue bila wasiwasi. Lakini katika majibu yote yale hakuna hata mmoja aliyeniuliza napigia wapi! Ndani ya gari au kwa miguu? Alfajiri au mchana? Mlikuwa mnashindana kuonekana mnajua.

Halafu wewe wa miguu, nimepitia nyuzi zako zote tangu ujiunge. Ndege uliowahi kuweka hapa ni kunguru wawili na jogoo. Jogoo, mkuu!

Lenzi ipo sokoni, nipo Arusha. Hudi yake ya kuvuta, ile kinga ya jua ya mbele, iko sawa, kioo hakina mkwaruzo. Mwenye 100-400 tubadilishane, naongeza hela, aje inbox. Foronya ya mchele natoa bure.