Mliokimbia marathoni kwa ajili ya wazazi waliokufa kwa kansa, tupeane uzoefu

Kitindamimba: Wakuu, jana nimekutana na namba yangu ya kifuani ndani ya droo, pini nne zimeshika kutu. Nikakaa chini. Baba kansa ya koo, mama ya kizazi, miezi 14 kati yao. Nilikimbia kuwachangishia wagonjwa. Nani mwingine kapita huku? Msifiche ya kilomita ya 30 kwenda mbele.

Mguu Mzito: Ya 32. Msibani sikulia, nikaja kulilia hapo.

Polepole: Mimi niliandika majina yao mgongoni mwa fulana kwa kalamu ya wino. Mpaka ya 20 najiona shujaa. Kila meza ya maji nanywa kidogo, mengine najimwagia kichwani. Ya 33 miguu ikagoma. Siyo maumivu, ni kama mtu kazima swichi. Nikawa natembea. Akaja mbaba nyuma yangu anachechemea, akauliza, "Dada, hapo mgongoni pameandikwa nini? Naona wino tu." Kumbe maji yamefuta kila kitu. Nataka kujibu, koo limekaba. Tangu tumzike mama sikuwahi kutamka majina yale mawili pamoja, nyumbani tunasema "wazee" tu. Nikayataja. Akasema, "Nini?" Nikayarudia kwa sauti kama nesi anayeita wagonjwa mlangoni. Akasema haya, twende. Kwenye kona akaniacha, wala hakugeuka. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 51. Fulana sijaifua.

Kipusa: Yaani "wazee" tu. Na sisi hivyo hivyo.

Mti Mkavu: Samahani, si mtume hela tu? Marehemu anafaidika nini na magoti yenu?

Kitindamimba: Nilituma miaka 2, hakuna aliyejua. Nilipokimbia, hata jirani tusiyesalimiana alichanga.

Mti Mkavu: Kwa hiyo ni kujionyesha.

Mguu Mzito: Kamwambie Terry Fox. Kijana wa Kanada, mguu wa kulia umekatwa kwa kansa ya mfupa, 1980 akakimbia na wa bandia siku 143, kilomita 5,373, hadi kansa ilipoingia mapafuni. Alikufa 1981 na watu bado wanachanga kwa jina lake.

Mti Mkavu: Yule aliumwa mwenyewe.

Bado Nipo: Nilikuwa nasoma kimya, ila hili la hela limenichoma. Kaka yangu alichangisha kwa jina la baba. Akaweka picha ya baba kitandani, mpira wa oksijeni puani, picha niliyopiga mimi. Siku ya mbio hakutokea, hela hazikutokea. Nikakimbia mimi, na namba ya mtu aliyejitoa, ili waliochanga waone japo mmoja wa ukoo kakimbia. Mwaka wa 3 hatusemeshani.

Kipusa: Weee! Kazirudisha?

Mguu Mzito: Mama anasemaje?

Bado Nipo: Alitangulia. Titi.

Mti Mkavu: Ndiyo maana nasema hela ziende moja kwa moja kwa wanaohudumia wagonjwa. Na kukimbia na namba ya mtu ni kosa. Ungeanguka wangempigia mke wa mwingine.

Mjukuu: Jamani mimi nakimbia mwezi ujao, na ukucha wa kidole gumba umeng'oka. Nifanyeje?

Kipusa: Tulia kwanza, tunamsikiliza wa kaka.

Polepole: Kunywa maji kila meza, hata kama huna kiu.

Mguu Mzito: Usimpoteze mtoto wa watu! Nilikunywa kama ngamia, chumvi ya damu ikashuka, ya 38 nikabebwa kwa machela natapika. Kunywa ukisikia kiu. Wiki 3 za mwisho punguza mazoezi.

Kitindamimba: Na mafuta ya mgando kwenye chuchu. Wanaume mnajidai, halafu tunawaona na michirizi miwili ya damu kwenye fulana nyeupe.

Bado Nipo: Hajarudisha. Ila juzi kanitumia ile picha, bila neno.

Polepole: Mjibu.

Mti Mkavu: Usimjibu.

Mjukuu: Na ukucha unachukua muda gani kuota?

Mguu Mzito: Mwaka, au zaidi.