Friji moja, bia tatu, kila moja na joto lake: mnafanyaje?

KegiTatu:
Wakuu, nafasi niliyo nayo ni ya friji moja tu ya kusimama. Ndani mna kegi tatu, yaani mapipa ya bia, za lita 19 (laga, IPA ile chungu, na stauti nyeusi) na mtungi wa gesi ya kuitia bia povu. Laga naitaka nyuzi 4, IPA 8, stauti 12. Naona njia tatu: joto moja la katikati kwa zote, kona yenye joto ndani ya friji hiyohiyo, au stauti ihamie kwenye chupa. Ipi haitanisumbua?

MamaShayiri:
Joto la katikati. Weka nyuzi 6, usijitese. Mimina stauti kwanza, iache mezani mkiendelea na laga. Ikifika zamu yake imeshapanda yenyewe. Bia baridi hupata joto bila kazi. Iliyotoka na joto utaipozaje, kwa barafu?

PovuTupu:
Kwa stauti nakubali. Ila laga ya nyuzi 6, mama yangu, hapo tunaachana.

MamaShayiri:
Mwanangu, ikiwa baridi mno hata harufu ya hopsi, yale maua ya kuitia bia uchungu, huipati. Unakunywa ubaridi tu.

Asiyelala:
Kwa nini asiivishe kegi ya stauti koti la sponji nene? Bei rahisi, na nafasi haili.

Mpimaji:
Koti peke yake halisaidii. Litachelewesha tu; siku chache na stauti itakuwa nyuzi 4 kama wenzake. Kona yenye joto lazima iwe na chanzo cha joto: boksi la foma, mkanda mdogo wa kupasha, na thamostati inayouwasha joto likishuka chini ya 12.

Halafu mmesahau gesi, na hapa ndipo njia hii inanipendeza. Bia yenye joto hushika gesi kidogo. Ukifunga regyuleta moja (kidhibiti cha presha ya gesi) kwenye psi 11 au 12, yaani kipimo cha presha, laga ya nyuzi 4 itatulia kwenye lita 2.5 hivi za gesi kwa kila lita ya bia. IPA ya nyuzi 8 itapata kama 2.2, na stauti ya nyuzi 12 kama 1.9. Ndivyo kila moja inavyotakiwa kuwa! Regyuleta moja, presha moja. Ukiziweka zote nyuzi 6, itabidi stauti uipe presha yake pekee, la sivyo itachangamka kama soda.

PovuTupu:
Hesabu tamu, lakini boksi litakaa wapi? Kegi ina upana wa sentimita 22 hivi. Ongeza foma ya sentimita 4 kila upande, umefika 30. Kwenye friji ya kusimama, kegi ya tatu inalala nje.

Mpimaji:
Hilo sipingi. Pima kwanza.

ChupaKwanza:
Ndiyo maana nasema chupa. Stauti ndiyo isiyohitaji friji sana, kwa nini ishindanie nafasi na laga? Upishi ujao usiutie kwenye kegi. Weka sukari gramu 4 kwa lita ili bia ijitengenezee gesi, funga, ziache kwenye nyuzi 20 wiki mbili, kisha chini ya kitanda. Siku ya kunywa, saa moja kwenye mlango wa friji inatosha. Kazi ni kuosha chupa, sikufichi.

KegiTatu:
Nimepima. Boksi haliingii hata nikitoa mtungi nje. Basi stauti iliyopo inywewe kwa mtindo wa MamaShayiri, na ijayo inaingia kwenye chupa. Zikibaki laga na IPA, niweke ngapi?

MamaShayiri:
Tano. Na thamometa uitumbukize kwenye glasi ya maji humo ndani, usipime hewa. Hewa hubadilika kila ukifungua mlango.

PovuTupu:
Tano naivumilia.